Mlipaji Yuko Maskati, Mpokeaji Yuko Wete

Saa nne za usiku inaingia meseji: "Assalaamu alaykum dada, zile kofia za viua bado zipo? Nataka mbili, moja ya baba Wete, moja ya kaka yangu Kwerekwe. Zifike kabla ya Ijumaa. Nakulipa vipi, mimi niko Maskati?"

Meseji ni moja, lakini hesabu vilivyomo ndani yake. Watu watatu, kofia mbili ambazo huenda saizi zake si sawa, visiwa viwili (Wete iko Pemba, Kwerekwe iko Unguja), pesa itakayotoka nchi nyengine, na siku ya mwisho. Muuzaji akijibu "zipo, karibu" akalala, asubuhi ana maswali sita ya kumuuliza mtu ambaye hamu imeshampungua. Na akijibu vizuri lakini asiandike popote, itafika Alhamisi ndipo akumbuke kuwa kuna mzee Wete anasubiri kofia.

Mafunzo mengi ya kuuza mtandaoni hukazania picha nzuri, wafuasi na kupost kila siku. Sina ugomvi nayo. Lakini huku visiwani Zanzibar maduka mengi ya simu huvunjikia mahali pengine kabisa, kati ya neno "nataka" na neno "imefika". Sababu yake ni rahisi kuiona. Soko la mtandaoni la Jumia lilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019, na wengi wetu tunauza kwa WhatsApp, Instagram, Facebook, na wachache kwa tovuti ya matangazo ya Jiji. Huko kote kuna ukumbi wa kuonyesha bidhaa, ila hakuna mtu wa kati anayeshika pesa ya mnunuzi mpaka mzigo ufike, wala anayepanga usafiri, wala anayeamua nani mkosa. Kazi zote hizo ni zako, na zinataka daftari.

Daftari kwanza

Daftari la karatasi linatosha, au jedwali kwenye simu. La muhimu ni kwamba kila oda ipate mstari wake na namba yake. Namba kama 0326-14 inasema mwezi wa 3, mwaka 26, oda ya 14. Mstari huo uwe na jina la mlipaji, jina la mpokeaji, simu ya kila mmoja, kitu chenyewe kwa namba yake, bei, nauli ya mzigo, kilicholipwa, kilichobaki, hali ya oda, na tarehe ambayo hali hiyo ilibadilika mara ya mwisho.

Mlipaji na mpokeaji wasichanganywe hata siku moja. Oda nyingi za visiwani ni za mtu kumnunulia mwengine: mtoto aliye Oman au Uingereza anamnunulia mama, kaka aliye Dar anamnunulia mkewe aliye Chake. Ukimpigia mlipaji kumwambia "bodaboda yuko nje", yeye yuko kazini Maskati na nyumba ya Kwerekwe haina habari. Muulize mapema: "Nani atapokea, na simu yake ni ipi?" Na umuulize pia kama ni zawadi ya kushtukiza, maana kuna mama aliyeharibiwa furaha yake na muuzaji aliyepiga simu siku tatu kabla kuuliza saizi ya dera.

Hali za oda ninazopendekeza ni tano tu: anauliza, amewekewa, amelipa, imetoka, imefika. Neno "imefika" liandikwe kwa kauli ya mpokeaji mwenyewe. Konda akisema "nimeshatoa", au kijana wa bandarini akisema "umeshachukuliwa", hiyo bado ni "imetoka".

WhatsApp Business ina lebo zinazofanya kazi kama hiyo. Inaruhusu hadi lebo 20, lakini ukizitumia zote 20 utaanza kuzitafuta lebo zenyewe. Zibaki tano zilezile za daftari. Kuna jambo moja la kuangalia: ukiipachika lebo juu ya mazungumzo, inamfuata mtu, haiifuati oda. Mteja mwenye oda mbili, moja imefika na nyengine hajalipa, lebo haiwezi kusema yote mawili. Ndiyo maana daftari haliondoki hata ukiwa na programu nzuri kiasi gani.

Kila siku, kabla ya kufunga kazi, pitia mistari yote isiyo na "imefika". Tafuta tarehe. Oda iliyokaa kwenye "amelipa" zaidi ya siku mbili ni mteja anayeanza kukasirika kimyakimya. Iliyokaa kwenye "imetoka" zaidi ya siku ulizoahidi ni mzigo uliolala mahali, na mzigo uliolala ni rahisi kuupata siku ya tatu kuliko siku ya kumi.

"Niwekee"

Hili ndilo neno linaloua stoki. "Niwekee dada, mshahara ukitoka." "Niwekee hiyo ya kijani, inshaallah kesho." Mnunuzi hana nia mbaya, amezoea duka la mtaani ambalo muuzaji anamjua baba yake na kitu kinasubiri chini ya meza. Mtandaoni picha ile ile imeonwa na watu mia, na kofia ya viua iliyotobolewa na kushonwa tundu kwa tundu kwa mkono haina pacha. Ukimwekea mmoja wiki nzima unawakatalia wengine wanne, halafu naye anasema "nimeshapata nyengine".

Weka sheria moja na uiandike mahali inapoonekana: kuwekewa bila pesa ni saa 24, kisha kitu kinarudi sokoni bila maneno. Anayetaka zaidi atoe arbuni, yaani pesa ya kutanguliza. Neno hili wazee wetu walilitumia dukani na kwenye nyumba, nasi tulirudishe kwenye simu, kwa sababu kila mtu wa pwani anaelewa maana yake bila kufafanuliwa. Ila sema tangu mwanzo arbuni inarudi au hairudi. Kwa kitu kilichoko dukani, naona ni haki kuirudisha ikiwa mtu ameghairi ndani ya siku mbili. Kwa kitu cha kushonesha, arbuni isipungue gharama ya malighafi. Tuseme kanzu, kitambaa 22,000 na fundi 15,000. Arbuni ya 10,000 inakuacha na kitambaa kilichokatwa kwa kipimo cha mtu asiyepokea simu. Arbuni ya 22,000 inakulinda.

Kila kitu kipewe namba, na namba iingie ndani ya picha. Kikaratasi chenye "KF-31" kiwekwe pembeni ya kofia kabla ya kupiga. Mteja akirudisha picha uliyoiweka mwezi uliopita akasema "nataka hii", unajua ni ipi bila kubahatisha kati ya kofia kumi nyeupe zinazofanana. Kitu kikiuzwa, picha yake ifutwe au iandikwe "imeuzwa" siku hiyo hiyo. Katalogi ya WhatsApp Business inachukua hadi vitu 500, na ndipo watu hurundika vitu vilivyouzwa zamani, kisha wanalaumu wateja kwa kuuliza visivyokuwepo.

Vipimo vichukuliwe kwa tepu. Kwa kofia, mwambie mteja apitishe futi ya fundi juu ya nyusi na juu kidogo ya masikio, aizungushe nyuma ya kichwa, asiivute. Sentimita 56 ni inchi 22. Kama hana futi, achukue uzi, kisha aupime kwenye rula ya mtoto wa skuli. Asikupe namba ya kofia ya zamani tu, kwani ile imeshafuliwa mara nyingi na kukaa kichwani miaka, haiko tena kwenye namba iliyoandikwa. Kwa kanga, mnunuzi anatazama vitu vitatu: pindo, mji na jina. Picha isiyosomeka jina la kanga ni nusu ya tangazo. Anayemnunulia wifi yake kanga anataka kujua inasema nini kabla ya rangi, na akipelekewa jina la mafumbo pasipo mahali pake, ugomvi utakaozuka utarudi kwako. Tandaza doti moja juani asubuhi, kivuli kisiiangukie, piga nzima, kisha piga jina peke yake.

Bei, na "nipunguzie"

Mtu akiuliza "bei gani?" mbele za watu, mjibu mbele za watu. "Njoo inbox" inamfanya mnunuzi ahisi bei inapangwa kwa kumtazama sura. Jibu liwe kamili mara moja: "KF-31, inchi 22, sh. 45,000, ipo moja. Mjini bodaboda 3,000 hadi 5,000, Pemba na Dar nauli ya mzigo tunakupa kabla hujalipa." Meseji hiyo ihifadhiwe kwenye majibu ya haraka, ubadilishe namba tu.

Kwa wanaouzia wageni wa Paje na Nungwi: tangu Machi 2025 kanuni za Benki Kuu ya Tanzania zinakataza kutangaza au kutoza bei kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma zinazouzwa nchini. Andika shilingi. Mgeni ana kikokotoo kwenye simu yake.

Kupunguza bei ni sehemu ya adabu ya soko letu, na muuzaji asiyekubali kuzungumza huonekana mkavu. Lakini ujue sakafu yako kabla hujaulizwa. Tuseme mkoba wa ukili umeununua 15,000 kwa msukaji. Karatasi, kamba na kiroba 1,000. Bodaboda mpaka bandarini 3,000, umesema utabeba wewe ili kumvutia mteja. Makato ya kutoa pesa 1,500. Jumla 20,500. Unauza 25,000. Machoni faida ni 10,000, kwenye daftari ni 4,500. Mteja anasema "nipunguzie 3,000 tu mama", umebaki na 1,500. Sasa katika mikoba kumi mmoja ukilowa njiani ukaurudishia pesa: faida ya ile tisa ni 13,500, haifiki hata ile 15,000 uliyomlipa msukaji kwa huo mmoja. Watu hufunga duka wakiwa na oda nyingi kwa hesabu hii hii. Punguza kwa anayechukua viwili au vitatu, kwa sababu safari ya bodaboda ni ile ile. Kwa anayechukua kimoja, mwambie kwa upole kuwa bei imeshakaa chini.

Pesa iliyoingia na pesa iliyosemwa

Ujumbe wa malipo unaweza kuandikwa na mtu yeyote mwenye vidole. Wa kweli huingia kwa jina la huduma yenyewe, wala si kwa namba ya kawaida ya simu. Hata hivyo usitegemee macho. Fungua menyu ya M-Pesa, Mixx, Airtel Money au Halopesa, tazama salio au taarifa fupi, kisha ndipo uandike "amelipa". Picha ya skrini iliyotumwa na mnunuzi si malipo. Anayekuharakisha zaidi, "boda yuko nje, nishakutumia", ndiye wa kumkagua zaidi.

Utapeli mwengine ni wa pesa iliyoingia kweli. Mtu anapiga: "Nimekosea namba, nirudishie kwenye hii." Usiirushe kwa namba anayokutajia. Mwambie aombe muamala urudishwe kupitia huduma kwa wateja wa mtandao wake, na wewe usiitumie pesa hiyo mpaka liishe. Ukituma kwa mkono, halafu muamala wa kwanza nao ukarudishwa, umelipa mara mbili. "Lipa namba", yaani namba ya biashara ya kupokelea malipo, hupunguza mchanganyiko huu, kwa kuwa pesa ya duka haikai pamoja na pesa ya kula.

Za nje zina tabu yake. Aliyeko Maskati huenda akapitisha pesa kwa kampuni ya kutuma fedha, au akamwambia binamu yake aliye Mwanakwerekwe alipe. Pesa inaingia kwa jina usilolijua. Kwa hiyo mpe namba ya oda na umwambie: "Ukishatuma, niandikie namba ya oda na jina litakalotokea kwangu." Bila hivyo utakuwa na elfu tisini zisizo na mwenyewe, na mteja anayeapa ameshalipa. Wote wawili mko sawa, ila hakuna aliyeunganisha.

Jambo dogo linalopoteza siku nzima: saa. Maskati wametutangulia saa moja. Na aliyekulia nje akisema "saa 3" huenda ana maana ya saa tisa yetu. Andika "saa 3 asubuhi, saa za Zanzibar".

Lipa ukipokea iwe ya Mjini na viunga vyake tu, na kwa bodaboda unayemjua. Nauli ya boda ilipwe kabla. Mtu aliyelipa 4,000 ya nauli huwa nyumbani boda akifika. Ambaye hajalipa chochote huwa "nimetoka kidogo". Mpokeaji aachwe aangalie kitu boda akiwa amesimama, alipe au arudishe hapo hapo.

Kutoka hapa mpaka kule

Ndani ya Unguja anwani ni maelezo: shehia, alama ya karibu, jina ambalo nyumba inajulikana kwalo, na simu mbili. "Fuoni" haitoshi. "Fuoni, ukipita skuli, duka la rangi ya buluu, uliza kwa Bi fulani" inatosha. Vijijini mzigo hupanda daladala, kama 116 ya Nungwi. Mpe konda, andika namba ya gari na saa iliyotoka, mtumie mpokeaji papo hapo, kwa sababu ni yeye atakayesimama kituoni.

Pemba ina safari mbili ndani ya moja. Boti nyingi hushusha Mkoani, kusini ya kisiwa, na Wete iko kaskazini. Mzee wa Wete hatakwenda Mkoani kufuata kofia. Ama upate mtu wa kuupokea mzigo na kuupandisha gari, ama mtu wa familia anayepita, na hiyo nauli ya pili iingizwe kwenye bei tangu mwanzo. Wateja wa Pemba wamechoka kusikia "nauli imeongezeka" pesa ikiwa imeshalipwa, na wana haki.

Kwenda Dar, boti ya kasi ni kiasi cha saa mbili, na hapo ndipo wauzaji wanapojidanganya. Wanaahidi "kesho" kwa sababu bahari ni saa mbili. Mzigo unasubiri foleni Malindi, unasubiri kushushwa, unasubiri mtu wa kwenda kuuchukua. Kama mpokeaji yuko Dodoma au Mbeya, lazima mtu autoe bandarini aupeleke stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, upande basi. Ahidi siku tatu hadi tano. Ikifika siku ya pili, umesifiwa bure.

Kisha kuna upepo. Kusi likichachamaa, hasa Juni mpaka Agosti, Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari na boti huweza kuahirishwa. Tazama utabiri kabla ya kuahidi, na miezi hiyo ongeza siku mbili kwenye kila ahadi. Boti ikizuiwa, waandikie wote wenye "imetoka" asubuhi hiyo hiyo, kabla hawajauliza. Mteja anaivumilia bahari. Kisichovumilika ni kimya chako.

Usifungie mzigo kwenye mfuko wa plastiki wa kubebea. Bara mifuko hiyo imepigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, na Zanzibar iliianza vita hiyo mapema zaidi. Karatasi nene ndani, kiroba kilichoshonwa au boksi nje, jina na simu ya mpokeaji yaandikwe kwa kalamu isiyofutika pande mbili, na kikaratasi chengine chenye maelezo hayo hayo kiwekwe ndani, maana lebo ya nje hulowa. Kabla ya kufunga piga picha: kitu, kikaratasi cha namba ya oda, vyote ndani ya fremu moja. Sekunde kumi hizo ndizo zitakazokuamulia lawama nyingi.

Ukili na kanzu zina adui mwengine, unyevu wa masika. Mkoba uliokaa stoo Aprili ukifungwa bila kuanikwa utafika na madoadoa ya ukungu. Uanike juani nusu siku, uache upoe kivulini, ndipo uufunge. Wa rangi uujaribu: kitambaa cheupe kilicholoweshwa, sugua mara tano. Kikitoka na rangi, mwambie mnunuzi asiushike na kanzu nyeupe, au usiuuze.

Mafuta ya nazi yanataka maelezo yake. Usijaze chupa mpaka mdomoni, acha nafasi ya kidole, na uilaze kichwa chini usiku mmoja juu ya karatasi kabla ya kusafirisha. Karatasi ikiwa na doa, kifuniko hakifai. Na kwa anayekaa nchi ya baridi, mwandikie mapema kuwa mafuta huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, yakawa meupe kama samli. Hapa kwetu ni nadra kuganda, kwa hiyo muuzaji wala hafikirii. Mnunuzi wa London anafungua boksi Januari anaona kitu kigumu cheupe na anadai pesa yake.

Mzigo wa nje ya nchi

Kampuni za kusafirisha vifurushi kwa ndege hutoza kwa uzito au kwa ukubwa, lolote lililo zaidi. Kanuni ya kawaida ni urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, ugawe kwa 5,000. Mkoba wa ukili wenye gramu 700, kwenye boksi la 45 × 35 × 20, unahesabiwa kilo 6.3. Mkoba huo huo ukibanwa bapa kwenye boksi la 45 × 35 × 6 ni kilo 1.89. Bei ya usafiri inaweza kuzidi bei ya mkoba, kwa hiyo pima boksi kabla ya kumtajia mteja chochote.

Ushuru wa kule mwambie wazi kuwa ni wa mpokeaji. Nchi za Umoja wa Ulaya ziliondoa msamaha wa VAT kwa vifurushi vidogo tangu 1 Julai 2021, na Marekani ilisimamisha msamaha wake wa vifurushi vya hadi dola 800 tangu 29 Agosti 2025. Mteja aliyezoea kupokea bure miaka ya nyuma atadhani umemwibia.

Karafuu usizichezee. Mkulima huuza kwa ZSTC, Shirika la Biashara la Taifa Zanzibar, na kusafirisha karafuu ghafi kwa njia yako mwenyewe ni magendo hata ukiwa na gunia dogo. Vitu vya kasa ni marufuku kabisa, usipokee hata oda ya kuulizia. Vyakula, sabuni na vipodozi, sabuni za mwani zikiwemo, viwe vimepita kwa Wakala wa Chakula na Dawa kabla hujavipeleka kwa mtu asiyekuona.

Mteja akirudi na lawama

Lawama ziko za aina nne na kila moja ina dawa yake: haijafika, imefika si yenyewe, imefika imeharibika, imefika lakini haikumpendeza. Wauzaji huzijibu zote kwa meseji moja ndefu ya kujitetea, na hapo ndipo mteja anapokwenda kuandika kwenye status.

Haijafika: usimwambie asubiri. Mpe namba ya gari au stakabadhi, mwambie unamfuata nani na lini utamrudia, kisha umrudie hata kama huna jipya. Si yenyewe: fungua picha uliyopiga kabla ya kufunga. Kama kosa ni lako, gharama za kwenda na kurudi ni zako, bila mjadala. Imeharibika: omba picha tatu ndani ya siku mbili, ya mfuko wa nje, ya jina na ya kitu. Mfuko wa nje ukiwa umepasuka, tatizo ni la njia. Ukiwa mzima na ndani kumelowa mafuta, tatizo ni la kufunga kwako. Ya nne ndiyo ngumu. Hapa naona ubadilishe mara moja, mteja alipie usafiri, na pesa isirudi kwa kitu cha kushonesha kwa kipimo chake. Yote haya yaandikwe kabla ya malipo, kwenye meseji ya kuthibitisha oda.

Meseji hiyo iwe fupi: "Shukran. Oda 0326-14: KF-31 inchi 22, kwa mzee Wete, KF-08 inchi 23, kwa kaka Kwerekwe. Kofia 90,000, usafiri 14,000, jumla 104,000. Inatoka siku moja baada ya malipo, Wete siku 3 hadi 5. Kubadilisha ndani ya siku 2. Soma, ukikubali niandikie 'sawa'." Hiyo "sawa" ndiyo mkataba wenu.

Na usirushe mazungumzo ya mteja kwenye status kama ushahidi wa sifa, namba na jina vikionekana. Anwani ya mama wa mtu ni amana, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo.

Kabla ya Idi

Mwezi wa Ramadhani hubeba sehemu kubwa ya mwaka kwa wauza kanzu, kofia, madera na udi, na husogea nyuma kama siku 11 kila mwaka, kwa hiyo hesabu za mwaka jana zisikudanganye kwa tarehe. Mwezi huandama 29 au 30, basi usiahidi "kabla ya Idi". Ahidi "kabla ya tarehe 26 Ramadhani". Oda za kushonesha zifungwe tarehe 10, fundi ana nyengine. Oda za Pemba na Bara zifungwe tarehe 18, kwa sababu siku za mwisho boti hujaa watu wanaorudi makwao na mizigo midogo hubaki gatini. Kuanzia tarehe 20 uza Mjini tu, vilivyopo tu, na uandike hivyo juu ya kila picha.

Idi ikipita, kabla hujanunua tena, keti na daftari uhesabu kofia zilizobaki kwa namba zake. Kama inchi 22 zimekwisha tarehe 12 na inchi 21 zimekaa saba, unajua cha kumwagiza mshonaji, na unajua pia ni zipi za kumpunguzia yule anayechukua mbili.